Mguu unaniuma hata kitandani, na mbio za Moshi ni mwezi ujao

Shikamoo dada mshauri,

Nina miaka 32, mama wa mtoto mmoja, naishi Mbagala na kazi yangu ni ya kukaa kwenye kiti kutwa nzima. Mwaka jana nilijiunga na klabu ya jogingi ya mtaani kwetu kwa sababu ya uzito. Mwanzoni tulikuwa tunakimbia Jumamosi tu, zile mbio za kuimba na kupiga makofi barabarani. Baadaye kocha akachagua kundi la watu waliopania, nami nikawemo. Tangu Oktoba tunakimbia siku tano kwa wiki, saa kumi na moja alfajiri, kwenye lami ya Barabara ya Kilwa. Nimeshajisajili Kilimanjaro Marathon, zile kilomita 21. Nauli nimelipa, chumba tumechangia wanne.

Shida ni mguu wa kulia. Ulianza kuuma kwa ndani, huku chini ya kigimbi, sehemu ndefu ya kutosha kiganja. Nikianza kukimbia unauma, nikishapata joto unaacha. Nikaambiwa ndivyo wanavyoanza wageni wote wa mbio. Sasa hivi hauachi. Nakimbia nao, narudi nao nyumbani, na usiku nikijigeuza kitandani nausikia. Nikipapasa nakuta sehemu moja tu, ukubwa wa sarafu, nikibonyeza hapo naruka. Nilienda kituo cha afya nikapigwa eksirei, nikaambiwa mfupa ni mzima, nikapewa diklofenaki. Nameza kidonge kimoja kabla ya kutoka kukimbia, kinasaidia.

Kocha anasema niweke barafu. Mama anasema barafu inaingiza baridi mifupani, yeye ananikanda kwa maji ya moto na chumvi, na amenipeleka kwa bibi mmoja anayechua. Alinichua mpaka nikalia. Wenzangu wakiniona nachechemea wananikumbusha Akhwari, yule mkimbiaji wetu wa Olimpiki, kwamba alimaliza mbio Mexico goti likiwa limefungwa bandeji, sembuse mimi.

Mengine yote niko vizuri. Nimepungua kilo 12. Chakula cha usiku nimeacha, asubuhi nakunywa chai kavu, mchana ndiyo nakula. Hata siku zangu hazinisumbui tena, huu ni mwezi wa nne sijaziona. Mume wangu anasema nimerudi kuwa msichana.

Naomba unisaidie. Nikimbie Moshi au nisikimbie? Barafu au maji ya moto? Na kuna mwenzangu wa klabu anaumwa kisigino. Akiamka asubuhi, hatua za kwanza lazima ashike ukuta, baadaye kinapoa. Je, ndiyo ugonjwa huohuo?

Mkimbiaji wa Mbagala

*

Marahaba mdogo wangu.

Moshi usikimbie. Nimelitanguliza hilo kwa sababu najua mengine yote ungeyasoma mbiombio ukilitafuta. Mazoezi ya kesho alfajiri usiende pia, mpaka mguu huo uangaliwe upya.

Maumivu ya muundi, yaani ule mfupa wa mbele chini ya goti, kwa wakimbiaji yako ya namna mbili, na mwanzoni yanafanana. Ya kwanza ndiyo uliyoanza nayo: ukipitisha kidole gumba pembezoni mwa mfupa kwa upande wa ndani, panauma sehemu ndefu, sentimita tano au zaidi, na mwili ukishapata joto panatulia. Hapo mfupa na misuli iliyojishikiza kwake vinalalamikia kazi mpya. Ukipunguza mbio mapema, vinanyamaza. Ya pili inauma mahali pamoja ambapo ncha ya kidole inapafunika. Haitulii kwa joto, inazidi kadiri unavyokwenda, kisha inaanza kuuma hata ukitembea, mwisho inakufuata kitandani. Hiyo mara nyingi ni ufa wa mfupa. Haukuvunjika kwa kuanguka wala kugongwa. Umechoka mpaka ukaanza kupasuka. Barua yako imetoka kwenye namna ya kwanza ikaingia ya pili ndani ya aya moja.

Mfupa ni kitu hai. Ukiupa kazi usiyoizoea, kwanza seli fulani zinaondoa sehemu iliyochoka, ndipo nyingine zije kujenga mpya, kwa hiyo kuna kipindi unakuwa dhaifu kuliko ulivyokuwa. Ni kama fundi anayebomoa ukuta uliooza kabla ya kuujenga upya: ukiuegemea siku hiyohiyo, unakuangukia. Kubomoa kunachukua wiki chache, kujenga kunachukua miezi. Wewe umetoka Jumamosi moja ukaingia siku tano kwa mkupuo, na kila alfajiri umeuegemea ukuta huo kabla fundi hajamaliza.

Sasa hiyo eksirei. Waliokupiga picha hawakukudanganya. Ufa wa aina hii mara nyingi hauonekani kwenye eksirei wiki mbili tatu za mwanzo, na wengine hauonekani kabisa. Kinachokuja kuonekana baadaye ni mfupa mpya unaojazia. Kipimo kinachouona mapema ni MRI, ile mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili. Kwa kuwa uko Dar es Salaam, omba rufaa uende MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili, au hospitali yoyote yenye kipimo hicho na daktari wa mifupa. Kama hela au bima haifiki huko, rudia eksirei baada ya wiki mbili tatu, na katika muda huo ishi kama mtu mwenye ufa. Ukiona unachechemea hata kwa kutembea kawaida, chukua magongo. Najua mtaani watauliza. Waache waulize.

Kabla ya picha yoyote, pima mkojo ujue kama una mimba. Ndiyo, nimeyaona yale maneno uliyoyapitisha haraka kuhusu siku zako, na kwangu mimi ndiyo mazito kuliko yote uliyoandika.

Kama si mimba, basi kuna uwezekano mkubwa kwamba mwili wako una njaa. Mtu anayekimbia siku tano kwa wiki na kula mlo mmoja anaudai mwili nguvu usizonazo, nao unaanza kufunga idara zisizo za lazima kwa uhai wa leo. Uzazi unafungwa mapema. Homoni ya estrojeni inashuka, na estrojeni ndiyo inayozuia mfupa usibomolewe kupita kiasi. Kwa hiyo lami inaubomoa mfupa wako kutoka nje, na wewe unaunyima vifaa vya kuujenga kutoka ndani. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko zima juu ya hali hii, na ikasema wazi kwamba wanaume nao inawapata. Kwao hakuna hedhi ya kukatika. Dalili zao ni uchovu, hamu ya tendo la ndoa kupotea, na majeraha ya mifupa yasiyoisha.

Lipo jambo jingine la kumwambia daktari, maana hukulitaja: kama unachoma sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, hiyo nayo inaweza kukata hedhi, na inapunguza uzito wa mfupa kwa muda unaoitumia. Usiiache kwa uamuzi wako peke yako. Mweleze tu, ajue anashughulika na nini.

Chakula cha usiku kirudi leo. Wala sizungumzii vidonge vya duka la dawa vyenye picha ya mzee anayeruka kamba. Kula ugali wako na dagaa, ule dagaa mzima na mifupa yake, maana madini ya mfupa yako humo. Maziwa mtindi, mayai, maharage, matembele. Asubuhi chai iwe ya maziwa na iwe na kitafunwa cha maana, na siku utakayorudi mbioni usitoke na tumbo tupu alfajiri. Kilo mbili tatu zinaweza kurudi. Mumeo atavumilia.

Diklofenaki acha kumeza kabla ya mbio. Haijakusaidia, imekuzibia masikio. Maumivu yalikuwa yanakwambia simama, nawe ukayanyamazisha ili upate kuendelea. Zaidi ya hayo, dawa za kundi hilo zinaunguza tumbo, hasa tumbo lenye chai kavu tu, na ukizimeza huku unatoka jasho jingi kwenye joto la Dar na maji hunywi ya kutosha, figo ndizo zinazolipa. Nimeona wakimbiaji wanagawana vidonge hivi pale kwenye mstari wa kuanzia utadhani peremende. Kama unahitaji cha kukulaza usingizi usiku, paracetamol inatosha kwa sasa.

Kuhusu barafu na maji ya moto, mama na kocha wote wana sehemu yao ya haki, ingawa hakuna kati yao aliye na tiba ya ufa. Barafu inatuliza maumivu. Mwaka 1978 daktari Mmarekani Gabe Mirkin alieneza ile kanuni ya kupumzisha, kuweka barafu, kubana kwa bandeji na kuinua mguu, ikafundishwa dunia nzima. Mwaka 2014 Mirkin huyohuyo akaandika kwamba barafu inaweza kuchelewesha kupona, kwa sababu inazuia ule uvimbe unaoleta seli za kutengeneza. Maji ya moto nayo yanalegeza misuli iliyokaza, basi. Ukitaka kutuliza, weka lolote kati ya hayo kwa dakika kumi na tano, juu ya kitambaa. Baridi haiingii mfupani, lakini sidhani kama inafaa kugombana na mama kwa hilo. La bibi wa kuchua ndilo napinga. Kigimbi kinachuliwa. Mfupa wenye ufa hauchuliwi, wala haubonyezwi kila siku kuangalia kama bado unauma.

Halafu Akhwari. Nakubali, habari yake inasisimua hata baada ya miaka yote hii. Lakini wanaokusimulia wanaikata nusu. John Stephen Akhwari alianguka njiani, katikati ya marathoni ya Olimpiki ya Mexico, Oktoba 1968, akaumia goti, akafungwa, akaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Alipoulizwa, akasema nchi yake haikumtuma kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza. Aliumia siku ileile ya mbio, akamaliza mbio ileile. Hakuna anayesimulia kwamba alikwenda Mexico akiwa na goti bovu la miezi mitatu analolimezea vidonge. Na hawasemi habari za 1970, Edinburgh, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, ambako alishika nafasi ya tano katika marathoni. Goti lilipona kwanza. Isitoshe, yeye alitumwa na nchi. Wewe umetumwa na nani?

Tena njia ya Moshi yenyewe haikuhurumii. Zile kilomita 21 zinapanda kuelekea Mweka, kisha unarudi mjini kwa kuteremka. Watu wanaogopa ule mlima. Mimi kwa mguu wako naogopa mteremko, kwa sababu hapo ndipo kila hatua inapotua kwa kishindo kikubwa zaidi.

Tuseme sasa kipimo kimethibitisha ufa upande wa ndani wa muundi, kama ninavyoshuku. Hiyo ndiyo sehemu nzuri kuliko nyingine, ukiruhusu niseme hivyo. Wengi wanakaa bila kukimbia wiki sita hadi nane, wengine mpaka kumi na mbili, na mfupa unajiunga wenyewe bila plasta wala kisu. Ufa ukiwa mbele katikati ya muundi, mambo ni mengine, unachelewa na unaweza kuvunjika kabisa. Na yeyote katika klabu yenu anayesikia maumivu kinenani akikanyaga, au juu ya wayo katikati, asingoje Jumatatu. Ufa kwenye shingo ya mfupa wa paja ni wa kukimbizwa hospitali, maana ukiachana unaweza kuhitaji upasuaji mkubwa. Kadhalika kigimbi kimoja kikivimba, kikawa cha moto na kuuma baada ya safari ndefu ya basi, hilo si la mbio, huenda ni damu iliyoganda kwenye mshipa. Aende siku hiyohiyo.

Wakati unangoja, baiskeli unaweza kuendesha kama haikuumizi, na kama unajua kuogelea, ogelea. Kukaa bure miezi miwili kunamtia mkimbiaji wazimu, nakuelewa.

Kurudi mbioni usiangalie kalenda peke yake. Uwe unatembea nusu saa kwa mwendo wa haraka siku kadhaa mfululizo bila kusikia kitu, na pale penye sarafu pakibonyezwa pasiume. Hapo ndipo unaanza: dakika moja unakimbia polepole, mbili unatembea, unarudia mara kumi, na kesho yake unapumzika. Siku nyingine unaongeza kidogo. Kipimo chako ni asubuhi inayofuata. Ukiamka na mguu unakumbusha, rudi hatua moja nyuma, usilazimishe. Siku za kukimbia ziwe tatu kwa wiki kwa muda mrefu, hata kama kundi la kocha linakwenda tano. Kocha akikasirika mpe barua hii asome.

Kuna mambo mawili yanayosaidia muundi na hayana gharama. La kwanza ni kuimarisha vigimbi: simama kwenye ngazi kwa mguu mmoja, shika ukuta, panda kwa vidole, shuka taratibu. Anza na miguu yote miwili, nenda mpaka ufikishe ishirini kwa mguu mmoja bila kuhema. La pili ni hatua. Wanaoanza mbio wengi wanatupa mguu mbele sana na kutua kwa kisigino, mguu umenyooka. Hesabu hatua zako kwa dakika moja, kisha ziongeze kidogo, asilimia tano hadi kumi, mwendo ukiwa uleule. Hatua zinakuwa fupi na kishindo kwenye mfupa kinapungua. Raba zina nafasi yake, ila si kubwa kama wauzaji wanavyosema. Kama zako ni za mtumba, bonyeza soli kwa kidole gumba kwa ndani. Ikiwa ngumu haibonyei, au ikiwa na mikunjo pembeni, yule wa kwanza alishaimaliza huko Ulaya.

Mwambie mwenzako wa kisigino kwamba ugonjwa wake ni mwingine. Kuuma hatua za kwanza za asubuhi, chini ya kisigino kwa ndani, kisha kulegea ukitembea, karibu kila mara ni ule utando mnene unaotoka kisiginoni kwenda vidoleni. Usiku unakaa umelegea, asubuhi unavutwa ghafla. Kabla ya kukanyaga chini, akiwa bado kitandani, avute vidole vya mguu nyuma kuelekea kwake, ahesabu mpaka kumi, arudie mara kadhaa. Nyumbani asitembee pekupeku kwenye vigae, wala na zile kandambili zilizoliwa zikabaki karatasi. Kisha afanye zoezi la ngazi nililokupa wewe, ila aweke taulo lililokunjwa chini ya vidole ili viinuke, siku moja afanye, siku moja aache. Kinachowavunja moyo watu ni muda. Inachukua miezi, na wengi wanapona ndani ya mwaka bila kuchanwa. Akiambiwa achomwe sindano ya kisigino, ya kwanza aulize maswali, ya pili na ya tatu akatae mpaka aone bingwa wa mifupa, kwa sababu zikirudiwa zinaweza kuudhoofisha utando wenyewe mpaka ukakatika.

Kama maumivu yake yako nyuma ya kisigino, pale kwenye kano nene inayopanda hadi kwenye kigimbi, basi kupumzika tu hakumtoshi. Kano inataka kazi. Mwaka 1998 daktari wa Sweden, Håkan Alfredson, alichapisha zoezi la kushusha kisigino taratibu ukingoni mwa ngazi, goti limenyooka kisha limekunjwa, mara 180 kwa siku kwa wiki 12, na wakimbiaji waliokuwa wakisubiri upasuaji wakarudi barabarani. Siku hizi wataalamu wa fiziotherapia wanatoa idadi ndogo zaidi, lakini wazo ni lilelile. Kano iume kidogo wakati wa zoezi, itulie kufikia kesho yake.

Wewe ukipata majibu, niandikie walichosema ufa uko upande gani wa mfupa, mkojo umeonyesha nini, na kama siku zako zimerudi. Nauli ya Moshi kama hairudishwi, nenda ukawashangilie wenzako pale uwanja wa Ushirika wanapomalizia, ila kukaa uwe umekaa.